Siku Tuliyonyoosha Gari la Mama

Juzi kijana wangu wa pili alileta nyumbani boksi refu la katoni, akalipasulia uani na kunionyesha chuma kilichokuwa ndani. Ana gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mwaka huu amelipandisha juu kwa springi ndefu ili lipite matope ya kwetu. Tangu alipandishe limekuwa likienda kama mbwa anavyokimbia, kichwa huku na kiuno kule. Chuma alichonunua ni rodi ya kushikilia ekseli ya mbele, ule mhimili wa magurudumu, isihame kushoto wala kulia. Katikati ina uzi na nati ya kukazia. Ukiizungusha inarefuka au inafupika, hadi ekseli ikae pale inapotakiwa. Ilikuwa bado na grisi ya dukani. Harufu hiyo ilinifikia nikiwa nimeketi barazani na kikombe cha chai, nikalazimika kukiweka kikombe chini.

"Mzee, hebu njoo unishikie usukani," kijana aliniita. "Nikiwa chini nitakuwa nakuambia geuza, wewe unageuza tu. Kazi ya dakika tano."

Nilimwambia siwezi. Akadhani ni mgongo, nami nikamwacha adhani hivyo. Nilimwonya jambo moja tu: asitie kidole kwenye tundu la bolti, hata kama gari limetulia kabisa, hata kama anayeshika usukani ni mama yake.

"Ai, mzee," alicheka, "na wewe mambo ya magari umeyajulia wapi?"

Niliyajulia uani kwetu, upande wa Nyacheki, nikiwa bado mvulana. Baba alikuwa amefariki na kuacha shamba la chai, ng'ombe watatu, na gari la kijivu alilolinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Lilikatwa nyuma likawa pikapu. Watu walitarajia mama angeliuza. Yeye akajifunza kuliendesha. Wenzangu wa umri wangu mnakumbuka ilivyokuwa siku zile mwanamke wa kijijini, tena mjane, kushika usukani. Wanaume walikuwa wakisimama kando ya barabara na majembe begani kumtazama apite, na mama hakumsalimia hata mmoja. Alibeba majani ya chai ya majirani hadi kituo cha kupimia. Mvua zilipozidi na barabara ikawa uji, alimwita fundi fulani wa mjini akalipandisha gari. Likashinda matope, lakini likaanza kwenda upande. Tairi ya mbele ya kushoto ilijitokeza nje ya bodi, ya kulia ikajificha ndani, na ili gari liende moja kwa moja ilibidi mama ashike usukani ukiwa umepinda. Kwenye mashimo lilitikisa kichwa kama fahali aliyeumwa na nyuki. Mama alikuwa na mikono yenye nguvu, lakini akirudi jioni mabega yalimuuma hadi akashindwa kujifunga kilemba.

Dada yangu Kemunto alikuwa amenizidi miaka kumi. Ndiye aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenifundisha kuhesabu kwa mbegu za maharagwe. Alikuwa ameolewa na Ombati, fundi wa magari pale Nyakoe, mtu mwembamba, mpole, mwenye kucha nyeusi zisizotakata. Kemunto alikuja nyumbani kumzika baba. Matanga yalipokwisha, mama akamwambia haendi popote.

"Nilimsomesha mpaka fomu foo," mama alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani, "ili akafue ovaroli za mtu anayelala chini ya magari kama kuku anayeatamia?"

Basi Ombati akawa anakuja kumwomba mke wake. Hapo ndipo mimi nilipopata kazi.

Kwetu, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawaketi pamoja, hawatazamani usoni. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na ni heshima nzuri ikishikwa na watu wazuri. Wengi walisalimiana kwa mbali na kuulizana habari za ng'ombe. Mama aliishika heshima hiyo akaifanya rungu. Hakumwambia Ombati hata neno moja, wala hakulipokea neno lake likitoka kinywani mwake. Kila kitu kilipitia kwangu. Mimi nilikuwa omoisia, mvulana ambaye bado hajatahiriwa, na omoisia hahesabiwi kuwa mtu. Anapita jikoni, anapita kwa wanaume, hakuna anayemwonea haya.

Nakumbuka mara ya kwanza. Ombati alisimama langoni, chini ya mikaratusi, kofia mkononi. Wanawake wachumaji chai walikuwa wameketi uani na vikapu vyao wakingoja gari. Mama alikuwa ndani, nyuma ya ukuta.

"Mwambie huyo mtu," mama alisema, "kama amefuata harufu ya jikoni, sisi tumeshakula."

Nilikimbia hadi langoni. "Mama anasema tumeshakula," nikamwambia Ombati. Kisha, sijui kilinijia kutoka wapi, nikaongeza, "Na pia unanuka mafuta ya taa."

Wachumaji chai walicheka hadi wakashikana mabega. Na nyuma ya ukuta nikamsikia mama akicheka. Hakuwa amecheka tangu baba azikwe. Kwa mtoto wa umri wangu hiyo ilikuwa sawa na kugundua mahali sukari inapofichwa. Tangu siku hiyo sikupeleka ujumbe wowote bila kuutia pilipili yangu. Mama akisema, "Mwambie angoje," mimi nilisema, "Ngoja hapo hapo kama punda." Mama akisema, "Mwambie Kemunto analala," mimi nilisema Kemunto amelala kwa sababu huku kwetu kuna vitanda.

Ombati alikuwa akinisikiliza hadi mwisho. "Sawa, shemeji mdogo," alijibu kila mara. "Mwambie mama nimesikia." Siku moja alinipa beringi kubwa aliyoiosha kwa petroli ikang'aa, nitengenezee kigari. Niliichukua. Sikumshukuru. Nilimwambia mama ameileta ili atuibie kuku.

Mwishowe mama alichoka kuendesha gari lililopinda. Asubuhi moja, Ombati akiwa pale pale langoni, alisema kutoka ndani, wachumaji chai wote wakisikia, "Mwambie huyo mtu, kama kweli ni fundi, alinyooshe gari langu. Siku litakayokwenda sawa, nikaachia usukani na lisigeuke, atamchukua mke wake waende."

Hilo nililipeleka kama lilivyo, kwa sababu lilinishtua. Nilimwona Ombati akiweka kofia kichwani, akaitoa tena. "Mwambie mama," alisema, "mwambie Jumamosi ijayo."

Wiki hiyo Kemunto alifua nguo zake zote. Nilimkuta nyuma ya jiko akiwa ameinamia karai, machozi yakidondokea kwenye povu, na mimi nikajua, kama mtoto anavyojua mambo, kwamba analia kwa kuogopa kurudishwa kwa mumewe. Nilikuwa na ushahidi. Kwenye mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, alikuwa na kovu pana, linalong'aa, la waridi.

"Ni Ombati alikufanya hivyo?" nilimuuliza.

"Nini? Hii?" Alijipangusa pua kwa bega. "Ni rejeta, wewe. Nilimsaidia kufungua kifuniko maji yakiwa bado moto. Yeye ndiye aliyelia, si mimi." Akacheka.

Nilikuwa nimewasikia wachumaji chai wakisema kwamba mwanamke anayepigwa husingizia sufuria. Nikaona dada yangu, kwa kuwa ameolewa na fundi, anasingizia rejeta. Na kile kicheko chake nikakihesabu kuwa ni cha kuficha. Mtu mzima angetazama zile nguo zilizoanikwa, zilizokunjwa, zilizofungwa kwenye shuka tayari kwa safari, angejua mara moja kwamba anatamani kwenda. Mimi niliziona nguo hizo, na nilichoona tu ni kwamba Jumamosi nitabaki peke yangu na mama.

Jumamosi Ombati alifika kabla umande haujakauka, rodi begani. Aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa amekuja mapema wiki hiyo kupima, akachukua rodi ya gari lililokufa, akaikata katikati na kumpelekea mtu wa mashine mjini Kisii aichonge uzi. Ilikuwa nzito na nzuri. Hata mimi niliona ni nzuri. Aliiweka juu ya gunia kama mtu anavyomlaza mtoto.

Kemunto alitoka jikoni. "Mama, kuna mtu lazima ageuze usukani ili ekseli isogee na tundu zilingane," alisema. "Mimi nimemshikia mara nyingi. Niruhusu niingie mimi."

"Umeshika vya kutosha," mama alijibu. "Ingia ndani. Kama hajamaliza, si mume wako."

"Basi ni nani atageuza?"

"Gari ni la nani?"

Mama akajitanda leso kichwani hadi machoni, akapanda kwenye gari, akageuzia uso upande wa shamba ili asimwone mkwe wake. Ombati alingoja nyuma ya ghala hadi mlango wa gari ufungwe, kisha akaja akiwa ameinama, akajilaza chali chini ya bampa. Kati ya mguu wa mama na kichwa cha Ombati palikuwa na bati na hewa kidogo tu. Mimi nilichuchumaa kando ya tairi, mahali nilipoweza kuona uso wa mmoja na mkono wa mwingine. Kemunto alisimama mlangoni mwa jiko.

"Shemeji mdogo, unataka kujua kwa nini limepinda?" Ombati aliniuliza kutoka chini, huku akifungua rodi ya zamani. "Shika ukuta kwa kiganja. Sasa inua bega. Unaona kiganja kinavyovutwa? Bodi ni bega, ekseli ni kiganja. Waliinua bega wakasahau kurefusha mkono."

Nilijaribu kwenye tairi. Nikaelewa. Nikakasirika kwa kuelewa, kwa sababu sikutaka anifundishe kitu.

Alifunga upande mmoja wa rodi mpya kwenye bodi. Upande wa pili ulipaswa kuingia kwenye ekseli, na tundu zilikuwa zimepishana. "Mwambie mama ageuze kulia kidogo," alisema.

"Geuza kulia kidogo," nilimwambia mama. Usukani ukalia, gari lote likasogea kiuno juu ya magurudumu yake.

"Mwambie asimame."

"Simama!" Mama akasimama. Ombati aliingiza ncha ya kidole tunduni, akapapasa, akakitoa. Hazijalingana. Akazungusha rodi mzunguko mmoja, tukaanza tena. Kulia kidogo, simama, kidole, bado. Kulia kidogo, simama, kidole, bado. Mara tatu tulifanya hivyo na mara tatu neno lilipita kwangu salama, na kila lilipopita mkono wa mama ulitii. Nilimwona Ombati anaanza kutuamini. Alianza hata kupiga mluzi. Wachumaji chai walikuwa wamefika, na mmoja wao akasema, "Ehe, leo Kemunto anatuacha," na mwingine akapiga kigelegele kifupi cha mzaha. Nikatazama mlangoni mwa jiko. Dada yangu alikuwa amekibeba kile kifurushi cha nguo kifuani.

"Mwambie mama kulia kidogo sana," alisema Ombati. "Sasa zinaingia."

"Kulia kidogo sana."

Usukani ulilia.

"Simama," alisema Ombati, na akaingiza kidole, kwa sababu mara tatu neno hilo lilikuwa limetosha.

Sikulisema. Nililishika mdomoni kama peremende. Siwezi kusema nilitaka kidole chake, sikufikiria kidole. Nilitaka rodi ikosee. Nilitaka tundu zipitane, mama akasirike, wachumaji chai wacheke, kazi iharibike na kile kifurushi kirudishwe chumbani. Ilikuwa muda wa kumeza mate mara moja. Mikono ya mama iliendelea kugeuza.

Ombati hakupiga kelele. Alikuwa kwa wakwe zake, na mkwe hapigi kelele uani kwa wakwe. Alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Miguu yake miwili ilinyooka. Kisha akaniambia kwa sauti ile ile ya kazi, polepole, "Shemeji mdogo, mwambie mama arudishe kushoto."

Hilo nililisema haraka. "Kushoto, mama! Kushoto!"

Ombati alipotoa mkono, kidole cha shahada kilikuwa kimeisha kwenye kifundo cha kwanza. Kilichobaki kilikuwa kimepondeka kama ndizi iliyokanyagwa. Damu ilichanganyika na grisi ikawa nyeusi. Kemunto alipiga hatua mbili akikimbia.

"Kemunto!" mama alisema bila kugeuza kichwa. "Nimesema hajamaliza." Kisha, kwa sauti kubwa, kwa wote waliokuwapo, "Mbona hakusema nisimame?"

Wote walinitazama mimi.

"Hakusema," nikajibu.

Niliweza kuona jicho moja la Ombati kupitia katikati ya springi, linanitazama, wala halikuwa na hasira. Hilo jicho ndilo linaloniamsha. "Mwambie mama ni kweli," alisema Ombati. "Nilichelewa kusema."

Nikaona nimeponea. Nilidhani maumivu yalikuwa yamemchanganya, kwamba hakumbuki. Mtoto anaweza kuwa na akili ya kumwumiza mtu mzima na bado asiwe na akili ya kumwona mtu mzima akimsamehe mbele ya macho yake.

Alifunga kidole kwa kipande cha gunia, akamaliza kazi kwa mkono wa kushoto. Alinipa bolti niiingize mimi. Iliingia bila kugongwa. Akakaza nati ya katikati, akakaza bolti, akapima kila upande kutoka kwenye bodi hadi kwenye tairi, akatoka akitambaa upande wa nyuma ili asionane na mama, na akakaa nyuma ya ghala. Mama aliwasha gari, akashuka nalo hadi barabarani, akapotea kwenye kona, akarudi. Alipokuwa akipanda mteremko wa kwetu aliachia usukani, akainua mikono yote miwili juu tuione. Gari lilikuja moja kwa moja, kama limefungwa kamba. Wachumaji chai walipiga makofi. Mmoja alisema, "Jamani, huyu ni fundi."

Mama alizima gari. Hakushuka.

"Mwambie gari limenyooka," alisema.

Nilikwenda nyuma ya ghala nikamwambia. Kemunto alikuwa tayari yuko naye, amepiga magoti, anachana leso yake kwa meno.

"Makori!" mama aliniita tena. "Mwambie pia hivi. Fundi asiyejua kidole chake kiko wapi, kesho atakuwa hana mkono. Mtoto wangu hawezi kulishwa na kilema. Aende."

Jua lilikuwa juu yetu, na nilikuwa na hatua kama ishirini za kutembea. Ningeweza kusema ukweli kwenye hatua yoyote kati ya hizo. Nilifika nyuma ya ghala, nikasimama mbele yao wote wawili, nikausema ujumbe huo wote, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza. Siku hiyo pilipili ya mama ilitosha.

Kemunto aliinuka, akachukua kifurushi chake. "Twende," alimwambia mumewe. Walifika karibu na lango. Mama alishuka kwenye gari, akasimama karibu na kaburi la baba, akaweka kiganja juu ya ziwa lake. Kwetu mama akifanya hivyo anatoa laana, hahitaji kusema neno. Nilimwona dada yangu akitazama lango, akatazama kile kiganja, akakiweka kifurushi chini.

"Baki," Ombati alimwambia. "Usichukue laana kwa ajili yangu. Mkono ukipona nitarudi."

Haukupona. Kidonda kiliingia uchafu, na hospitalini wakakata kidole kilichobaki pamoja na vingine viwili. Alirudi hivyo hivyo, mara mbili. Mara ya pili mama alinituma langoni nimwambie Kemunto hayupo, na nikamwambia hayupo, huku Kemunto yuko nyuma yangu anaanika mboga za chinsaga, na yeye anamwona juu ya bega langu. Alinishukuru. Hakurudi tena.

Baada ya mwaka mmoja Kemunto aliolewa na karani wa kupima majani, mtu wa viatu safi. Huyo ndiye aliyenifundisha alama ya kupigwa inafananaje. Haifanani na kovu la rejeta. Kemunto alikaa naye miaka sita, akarudishwa nyumbani bila mtoto na bila meno mawili ya mbele, na tangu hapo hakuondoka tena. Kwa hiyo nilipata nilichokitaka. Dada yangu alibaki.

Ombati aliacha ufundi. Kwa miaka mingi alikuwa na kibanda pale Nyakoe, akiuza mafuta ya taa kwa chupa. Nilikuwa nimemaliza shule, nina kazi, nina mke, na nilipita mbele ya kibanda hicho zaidi ya mara nilizoweza kuhesabu. Siku moja alinipungia kwa mkono ule wenye vidole viwili. Niligeuka nikajifanya ninatazama viatu vya mtumba. Alikufa kabla sijapata ujasiri wa kuvuka barabara, na barabara yenyewe si pana.

Nilimwambia mama ukweli alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Nilikuwa nikimnywesha uji wa wimbi kwa kijiko, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuota mvi. Nilimwambia kwamba siku ile Ombati alisema simama, alisema mapema, alisema wazi, na mimi ndiye niliyelizuia neno hilo. Nilimwambia nimelibeba maisha yangu yote. Nadhani nilitaka anichape.

Mama alimeza uji wake.

"Nilimsikia," akasema.

Sikuelewa.

"Alikuwa chini ya miguu yangu, Makori. Ningekosaje kumsikia? Nilimsikia mara zote nne, hata ule mluzi." Alilamba mdomo. "Lakini wewe ulikuwa hujasema."

Kijiko kilikuwa bado mkononi mwangu. Nimetafuta tangu siku hiyo mahali ambapo maneno yake yanapunguza yangu, na sijapata. Mimi nililizuia neno, yeye akaendelea kugeuza, na kila mmoja wetu alitosha peke yake. Nilitaka kumuuliza kwa nini. Badala yake nilichota uji mwingine nikamwekea mdomoni, naye akaula.

Kemunto aliingia na beseni la maji ya moto na taulo begani. "Mbona mmenyamaza hivyo?" aliuliza. "Mlikuwa mnaongea nini?"

Mama alifumba macho. Mimi nikasema, "Hakuna."

Dada yangu alivuta kigoda, akauchukua mkono wa mama akauweka juu ya taulo kwenye mapaja yake, akaloweka vidole katika maji, kisha akatoa wembe na kuanza kumkata kucha, kidole kimoja baada ya kingine, polepole, akimpuliza kila baada ya kidole ili asiumie.